Kuchagua aina ya lami Mwanza: anza na maji, mteremko na jiwe

Mtu anayetaka kuweka lami katika uwanja wa nyumba yake Buhongwa, katika njia ya kuingilia hosteli kule Malimbe au katika eneo la maghala Nyakato, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya mita moja ya mraba. Swali hilo lina nafasi yake, lakini likitangulia huzaa lami ambayo haikuchaguliwa na mtu yeyote: mkandarasi huleta ile aliyonayo, mwenye eneo hupokea ile inayolingana na fedha zake, na masika ya kwanza ndiyo yanayoonyesha kama ilifaa. Katika mji wetu mambo matatu yanapaswa kujulikana kabla ya bei: maji yanapita au kusimama wapi, mteremko ni mkali kiasi gani, na kokoto zitatoka kwenye jiwe gani. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu kazi nyingi ambazo lawama zake huishia kwenye lami.

Lami ipi hasa?

Katika mazungumzo ya kila siku neno lami hubeba vitu kadhaa, na mkataba unaosema tu "kuweka lami" unaweza kumaanisha chochote kati ya hivyo. Kuna lami yenyewe, yaani bitumini, ile gundi nyeusi inayobaki baada ya mafuta ghafi kusafishwa na sehemu zake nyepesi kutolewa. Huuzwa kwa madaraja. Daraja la 60/70 maana yake ni kwamba sindano ya kipimo iliyobebeshwa gramu 100 kwa sekunde 5, katika joto la nyuzi 25, huzama ndani yake kati ya milimita 6 na 7. Kadiri namba zinavyokuwa ndogo ndivyo bitumini inavyokuwa ngumu. Kwa Mwanza, ambako joto la mchana hukaribia nyuzi 30 lakini uso mweusi wa lami juani huchemka zaidi ya hapo kwa mbali, 60/70 hufaa kwa mchanganyiko wa moto, na 80/100, ambayo ni laini zaidi, hufaa kunyunyiziwa chini ya kokoto.

Lami nzito ni mchanganyiko wa kokoto za ukubwa mbalimbali, mchanga, vumbi la mawe na bitumini ya takriban asilimia 5 ya uzito wote, unaopikwa kwenye mtambo kwa joto la nyuzi 150 hadi 165, ukaletwa na tipa ukiwa umefunikwa turubai, ukatandazwa na kushindiliwa kabla haujapoa. Lami nyepesi ni kitu kingine kabisa: bitumini hunyunyiziwa juu ya msingi uliokamilika, kokoto za ukubwa mmoja zikamwagwa juu yake, roli la kushindilia likapita. Kazi hiyo ikirudiwa mara mbili, kwa kawaida kokoto za milimita 14 zikitangulia na za milimita 7 zikifuata, unapata ngozi nyembamba inayozuia maji na vumbi, lakini ngozi hiyo haibebi uzito. Uzito hubebwa na msingi peke yake. Ipo pia aina iliyobuniwa Norway katika miaka ya 1960, inayojulikana kwa jina la Otta, inayokubali changarawe isiyochekechwa sana kwa sharti kwamba lami yake iwe laini na nyingi zaidi. Mahali ambapo kokoto safi ni adimu na magari ni machache, hii ni chaguo la heshima, ingawa wiki za mwanzo huonekana chafu na kumtia hofu asiyeijua.

Kisha kuna lami ya maji, ambayo ni matone madogo sana ya bitumini yaliyosambazwa ndani ya maji kwa msaada wa kemikali inayofanya kazi kama sabuni, sehemu ya bitumini ikiwa asilimia 60 hadi 70. Hutoka kwenye pipa ikiwa na rangi ya kahawia, na maji yanapojitenga hugeuka nyeusi. Mabadiliko hayo ya rangi ndiyo saa ya fundi. Haihitaji kuchemshwa kwa joto kali, kwa hiyo ni salama zaidi kwa wafanyakazi kuliko ile lami inayolainishwa kwa mafuta ya taa, ambayo hushika moto kwa urahisi. Lami baridi ya mifuko ni ya viraka tu, na anayekuahidi kutandika uwanja mzima kwa mifuko hiyo anakutakia gharama mbili.

Jiwe la Mwanza halishikani na lami kwa urahisi

Mawe yanayoupamba mji huu, kuanzia Jiwe la Bismarck lililosimama majini hadi miamba ya Bugando na Capri Point, ni matale, au granaiti kama wengi wanavyoyaita. Ni mawe magumu, hayasagiki ovyo chini ya magurudumu, na kokoto zake zina pembe kali zinazong'ang'aniana vizuri. Kasoro yake ni kwamba yana silika nyingi, yaani madini kama yale ya mchanga mweupe, na uso wenye silika huvutiwa na maji kuliko unavyovutiwa na bitumini. Maji yakipata upenyo hujiingiza kati ya jiwe na lami yake na kuibandua polepole, hata kama lami hiyo ni bora na ilipikwa vizuri. Mawe meusi ya asili ya volkano na mawe ya chokaa hayana tatizo hilo kwa kiwango kile, lakini mara nyingi kokoto iliyo karibu nasi ni ya matale, na kusafirisha nyingine kutoka mbali kwa uwanja mdogo si busara.

Niliwahi kuitwa kutazama uwanja wa maegesho uliokuwa umefumuka mwezi Aprili, mwaka mmoja tu baada ya kukamilika, na mwenye eneo alikuwa na hakika kwamba aliuziwa lami iliyochakachuliwa. Nilichukua bonge moja ukingoni mwa shimo na kulivunja kwa mikono. Ndani, kokoto zilikuwa tupu, za kijivu na waridi, safi kana kwamba zimeoshwa kwa sabuni, na lami ilikuwa imebaki pembeni kama ganda la karanga baada ya punje kutoka. Bitumini ile ilinyumbulika vidoleni bila kukatika. Haikuwa na ubaya wowote. Kilichokosekana ni chokaa, na mtu wa kuidai.

Dawa ni rahisi kuliko ugonjwa. Katika mchanganyiko wa moto huongezwa chokaa iliyozimwa, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa kokoto na mchanga, na huifanya bitumini ishikamane na jiwe hata kukiwa na unyevu. Zipo pia kemikali za kushikiza zinazochanganywa na bitumini yenyewe kwa kiasi kidogo sana, lakini baadhi yake hupoteza nguvu zikikaa muda mrefu kwenye bitumini ya moto, kwa hiyo ukichagua njia hiyo uliza zilitiwa lini. Ukitumia lami ya maji, chagua ile ambayo matone yake yana chaji chanya, kwa kuwa uso wa matale una chaji hasi na vitu hivyo viwili huvutana. Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu mara moja ukimuuliza chaji ya bidhaa yake.

Kabla ya kusaini chochote, fanya jaribio hili, ambalo halihitaji maabara. Omba kokoto kutoka kwenye machimbo yatakayotumika kweli, zioshe na zikauke kabisa, kisha zipakwe ile bitumini itakayotumika mpaka zote ziwe nyeusi. Zikishapoa, ziweke kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mimina maji safi yazifunike, na uziache kuanzia jioni hadi siku ya pili mchana, yaani saa 16 hadi 18. Zitazame zikiwa bado ndani ya maji, kwenye mwanga mzuri. Ikiwa zaidi ya asilimia 5 hivi ya uso wa kokoto imebaki wazi, mchanganyiko huo haufai bila chokaa au kemikali ya kushikiza. Rudia jaribio baada ya kuongeza dawa, na uweke chupa zote mbili mezani siku ya kuzungumza na mkandarasi.

Neno moja kuhusu kokoto za kugongwa kwa nyundo, zinazowalisha watu wengi milimani kwetu. Ni nzuri kwa zege na kwa mitaro, nami ningependa tuzinunue zaidi kwa kazi hizo. Kwa tabaka la juu la lami, hata hivyo, dai kokoto za mashine zilizochekechwa, kwa sababu ukubwa unaotofautiana huacha mianya isiyotabirika, na vumbi lililoganda kwenye jiwe huizuia bitumini kuligusa.

Gari zito kuliko yote, si magari mengi

Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalitoa kanuni ambayo wahandisi bado wanaitumia: uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ukiongezeka mara mbili, uharibifu huongezeka takriban mara 16. Kwa hesabu hiyo, ekseli ya tani 10, ambayo ni kikomo cha kisheria cha Afrika Mashariki kwa ekseli moja yenye matairi manne, huumiza lami kama mara 10,000 ya ekseli ya tani moja. Ndiyo maana haina faida kuhesabu magari madogo yanayoingia kwako. Hesabu lori la samaki, gari la kunyonya majitaka, tipa la mchanga. Na kama ujenzi wa nyumba haujaisha, usiweke lami kwanza, hata kama wageni wa harusi wanakaribia.

Kwa uwanja wa nyumba unaoingia magari madogo, lami nzito ya milimita 40 hadi 50 yenye kokoto isiyozidi milimita 14 inatosha, mradi iwe juu ya msingi wa kokoto iliyoshindiliwa wa milimita 150 wenye CBR, yaani kipimo cha uwezo wa msingi kubeba uzito, isiyopungua 80. Unene wa tabaka uwe takriban mara tatu ya kokoto kubwa iliyomo au zaidi, la sivyo roli litazivunja kokoto badala ya kuzipanga. Panapoingia malori kila siku, weka matabaka mawili, la chini la milimita 60 hivi lenye kokoto za milimita 20 na la juu la milimita 40 au 50, na umwachie mhandisi kupima udongo kabla ya kukubali namba hizo. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hauwezi kusamehewa kwa kuongeza lami juu. Ni lazima uchimbwe na kubadilishwa, au ufunikwe kwa kifusi kizuri cha kina cha kutosha. Luseni, ule mchanga wa miinuko, ni rafiki zaidi, ila ukingo wake ushikwe na mawe ili usikimbie.

Lami nyepesi niipendekeze wapi? Kwenye njia ndefu iliyonyooka, yenye magari ya kasi ya wastani na msingi imara. Usiiweke mahali ambapo magari hugeuza usukani yakiwa yamesimama, kama mbele ya geti au kwenye maegesho, kwa sababu tairi linalojizungusha mahali pamoja hung'oa kokoto moja baada ya nyingine. Gereji na vituo vya mafuta havifai aina yoyote ya lami pale mafuta yanapomwagika, kwa kuwa dizeli na petroli huiyeyusha bitumini, tumia zege.

Milima na ufuko

Mwanza ni mji wa vilima, na lami juu ya kilima ina mambo yake. Lori linalopanda kwa gia ya kwanza huisukuma lami nyuma, na likishuka likishika breki huisukuma mbele. Juani, bitumini laini hukunjamana kama mkeka uliosukumwa na mguu. Kwenye miteremko ya wastani chagua bitumini ngumu zaidi au iliyoimarishwa kwa polima, na mchanganyiko wenye kokoto nyingi zinazogusana. Mteremko unapozidi takriban asilimia 12, yaani kupanda mita 12 katika kila mita 100, ushauri wangu ni kuacha lami kabisa na kutumia zege au mawe ya kupangwa. Barabara za mawe zilizojengwa kwenye vilima vya jiji letu ni ushahidi mzuri: jiwe lile lile linaloikataa lami hukaa vizuri sana likipangwa kwa mkono na kushikwa na ukingo imara, na vijana wa mtaa hupata kazi.

Mfereji uchimbwe kabla ya lami kuagizwa. Maji yanayoshuka mlimani yakikosa njia yao yatatumia yako, na yatakula ukingo wa lami kutoka chini. Uso wenyewe uwe na mwinuko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita ili maji yasisimame.

Ufukweni tatizo hugeuka: maji hayapiti juu, yanapanda kutoka chini. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufunika maeneo mengi ya ufuko, na waliokuwa na viwanja karibu na maji wanakumbuka jinsi msingi uliolowa unavyogeuka kuwa uji chini ya gurudumu. Hapo lami nzito isiyopitisha maji hufungia unyevu ndani ya msingi. Inua usawa kwa tabaka la mawe makubwa yasiyo na vumbi, uweke mahali pa maji kutokea, au, kama eneo ni la magari madogo, tumia vitofali vya zege vinavyoweza kung'olewa na kupangwa upya. Na usiruhusu mtu aoshe vifaa kwa dizeli karibu na ufuko, wala kumwaga lami ya maji mvua ikinyemelea, kwa sababu kabla haijageuka nyeusi mvua huisomba yote hadi ziwani, mahali tunapochota maji na kuvua samaki.

Umbali na joto

Lami nzito ni kama ugali: thamani yake iko kwenye joto. Ikishuka chini ya nyuzi 130 hivi kabla ya kutandazwa, roli halitaweza kuisongamanisha, na mianya ya hewa ikizidi asilimia 8 maji hupita kwa urahisi, tukarudi kwenye ule ugonjwa wa matale. Kwa hiyo uliza mtambo uko wapi na safari ni ya muda gani katika foleni halisi ya saa za kazi. Kwa Ukerewe jibu linajulikana tayari. Mchanganyiko wa moto hauwezi kusubiri zamu ya kivuko pale Kisorya. Huko lami nyepesi au mchanganyiko wa lami ya maji uliotengenezwa papo hapo ni bora kuliko lami nzito iliyopoa njiani.

Kiasi kihesabu mwenyewe. Mita moja ya ujazo ya lami nzito iliyoshindiliwa ina uzito wa takriban tani 2.4, kwa hiyo uwanja wa mita za mraba 300 wenye unene wa milimita 50 unahitaji tani 36. Chokaa ya asilimia 1 kwa kazi hiyo ni kama kilo 340, sawa na mifuko 14 hivi ya kilo 25. Ukiona mifuko mitatu kwenye mtambo, umeshapata jibu lako.

Panga kazi kati ya Juni na Septemba, kiangazi kikiwa kimetulia. Msingi ufagiliwe, unyunyiziwe bitumini iliyolainishwa ya kupenya, takriban lita moja kwa mita ya mraba, na uachwe ukauke. Siku ya kutandaza simama karibu na tipa la kwanza ukiwa na kipimajoto. Moshi wa buluu ukipanda, lami imeunguzwa na imezeeka kabla ya kuzaliwa. Mvuke mweupe ni dalili kwamba kokoto zilikuwa na unyevu. Mzigo uliosimama kama kichuguu na kukosa mng'ao umepoa au una bitumini pungufu, na ule uliojilaza ukimeta una bitumini iliyozidi. Una haki ya kulirudisha lori, na haki hiyo iandikwe kwenye mkataba, pamoja na daraja la bitumini, ukubwa wa kokoto, unene baada ya kushindiliwa na kiasi cha chokaa. Ikiwa njia yako inaungana na barabara ya umma, pata kwanza kibali cha TARURA au TANROADS kulingana na nani anaisimamia, na hakikisha mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Magari yaanze kupita siku inayofuata, na kwa wiki chache za mwanzo yasigeuze usukani yakiwa yamesimama. Kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado hurekebisha kasoro, kiwe miezi 12 kamili, ili vuli na masika vyote vipite juu ya kazi hiyo kabla sehemu ya mwisho ya malipo haijatolewa. Asubuhi baada ya mvua kubwa ya kwanza, subiri saa moja tangu iishe, kisha zunguka uwanja ukiwa na chaki na uchore mstari kuzunguka kila dimbwi lililobaki. Mwite mkandarasi aje aione hiyo michoro kabla jua halijakausha maji.